Café Tacvba: jamaa wanne wa Satélite, mashine ya dramu, na wimbo walioukataa wenyewe

Ngoja nianze na kitu kilichonishangaza kabisa. Hii ni bendi ya roki, tena bendi ambayo watu wa Amerika ya Kilatini wakikaa kubishana nani mkali wa wakati wote lazima jina lake litajwe, na ilikaa zaidi ya miaka 10 inatoa albamu bila kuwa na mpiga dramu. Hakufa, hakugombana na wenzake, hakuwepo tu tangu mwanzo. Walikuwa wanne, mwimbaji, gitaa, besi na kinanda, halafu pembeni kimashine kinagonga midundo, basi. Mtu wa roki asilia akisikia hivyo atakwambia hiyo sio roki hiyo ni karaoke, na kweli wapo waliosema maneno ya aina hiyo enzi hizo, lakini mimi naamini ule upungufu ndio uliowatengeneza na nitaeleza kwanini.

Bendi inaitwa Café Tacvba. Jina limetoka kwenye mgahawa wa zamani wa pale katikati ya jiji la Mexico, mtaa wa Tacuba, upo tangu 1912 na mpaka leo unauza chakula. Hiyo v waliweka baadaye ili wasije kusumbuana na wenye mgahawa kisheria, matamshi hayabadiliki, tamka Takuba tu.

Mimi nimewafikia kwa njia ya ajabu, kupitia gemu. Kama umewahi kucheza The Last of Us, ile iliyotoka 2013, utakuwa unaikumbuka ile gitaa ya upweke inayolia pale mwanzoni, yule aliyeitunga anaitwa Gustavo Santaolalla, Muargentina, mzee ana Oscar mbili za muziki wa filamu amezibeba mfululizo, moja ya Brokeback Mountain na nyingine ya Babel. Mimi nikipenda kitu huwa nachimba, basi nikawa nachimba huyu mzee alikuwa anafanya nini kabla hajawa mtu wa filamu, nikakuta kumbe miaka ya 90 alikuwa prodyuza wa nusu ya bendi kubwa za roki za Kihispania, na kwenye orodha yake kuna hawa jamaa. Nikafungua albamu yao ya pili nikiwa naosha vyombo, wimbo wa nne nikazima bomba la maji ili nisikie vizuri. Kihispania changu ni cha kuokoteza, nusu nimejifunza kwa nyimbo hizi hizi, kwa hiyo nikikosea maana mahali wajuzi mtanivumilia.

Sasa twende kwao. Rubén Albarrán mwimbaji, Emmanuel del Real ambaye wote wanamwita Meme yuko kwenye kinanda, halafu ndugu wawili wa tumbo moja, Joselo Rangel gitaa na Enrique Rangel, yaani Quique, besi. Bendi imeanza 1989 huko Ciudad Satélite, kitongoji cha Naucalpan, nje kidogo ya jiji la Mexico upande wa kaskazini magharibi. Satélite yenyewe inafaa uielewe kidogo maana inaeleza mengi. Ni mji uliochorwa kwenye karatasi miaka ya 50 mwishoni kwa ajili ya watu wa kipato cha kati wenye magari, barabara za kuzunguka, nyumba zenye gereji, maisha ya kuiga Marekani kabisa, na pale mlangoni wakasimamisha minara mitano ya zege yenye rangi, mirefu, haina dirisha wala mtu ndani, imekaa tu kama alama. Waliibuni Luis Barragán na Mathias Goeritz, ikakamilika 1958. Unakulia sehemu kama hiyo, unasikiliza The Cure na The Clash na Violent Femmes, bibi yako anasikiliza bolero, zile nyimbo za mapenzi za taratibu, redioni, dada wa kazi kaja na muziki wa kijijini kwao, halafu unaambiwa uchague moja. Hawa jamaa hawakuchagua.

Kabla ya jina hili Rubén na Joselo, waliokuwa wanasomea usanifu wa michoro chuoni, walikuwa na bendi nyingine iliyoitwa Alicia Ya No Vive Aquí, jina la filamu ya Scorsese kwa Kihispania, wakipiga ile roki ya huzuni ya Kiingereza kama vijana wengine wote wa kipindi kile. Ikafa. Wakaja na wazo jipya kwamba kama sisi ni Wamexico basi tusikike Wamexico. Leo hilo linaonekana la kawaida lakini wakati ule roki na muziki wa kienyeji vilikuwa haviongei kabisa.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, wasiopenda historia ruka aya hii. September 1971 kulikuwa na tamasha kubwa la roki sehemu inaitwa Avándaro, karibu na Valle de Bravo, vijana walijaa kuliko ilivyotarajiwa, siku mbili za mvua na tope na bangi na mambo ya kuvua nguo, magazeti yakapiga kelele, wazazi wakapiga kelele, na serikali ambayo tangu mauaji ya wanafunzi pale Tlatelolco 1968 ilikuwa inaogopa kundi lolote la vijana likizidi watu kumi ikapata sababu. Baada ya hapo roki ikafukuzwa redioni, ikafukuzwa kwenye kumbi, ikahamia pembezoni mwa jiji kwenye mabanda na magodauni waliyoyaita hoyos fonquis, huko ndiko bendi kama Three Souls in My Mind, ambayo baadaye ikazaa El Tri, zilikokwenda kuishi. Zaidi ya miaka 10 hivyo. Ndio maana nikisikia mtu anauliza kwanini Mexico nchi kubwa vile ilichelewa kwenye roki ukilinganisha na Argentina, jibu ni hilo, walikatwa miguu halafu wakaulizwa mbona hamkimbii. Mlango ukaanza kufunguka miaka ya 80 katikati, kampuni za rekodi zikaona bendi za Argentina na Hispania zinauza, wakaja na kampeni ya Rock en tu idioma, yaani roki kwa lugha yako, Caifanes wakatoka na albamu 1988 halafu wakavunja soko na wimbo wa cumbia, muziki wa dansi wenye asili ya Colombia, La Negra Tomasa, jamaa wamevaa nyeusi nywele zimesimama wanapiga cumbia! Maldita Vecindad nao wakaja na ska iliyochanganyika na mitaa ya jiji. Kwa hiyo Café Tacvba walikuta njia imeshafyekwa kidogo, tusiwape sifa zote peke yao.

Shoo zao za mwanzo zilikuwa sehemu kama El Hijo del Cuervo, baa ya wasomi na wasanii pale Coyoacán, na huko ndiko Santaolalla alikowaona. Huyu mzee mwenyewe ujanani Argentina alikuwa na bendi, Arco Iris, iliyokuwa inachanganya roki na muziki wa milima ya Andes, halafu miaka ya 70 mwishoni akakimbilia Los Angeles kwa sababu ya utawala wa kijeshi. Kwa hiyo alipowaona vijana wanne na kimashine chao, Quique kakumbatia besi kubwa ya kusimama, mwimbaji kavaa kofia ya mkulima anaruka kama kuku aliyekanyaga moto, hakuona vichekesho, aliona kitu alichokuwa anakitafuta yeye mwenyewe miaka 20. Warner wakasaini, albamu ya kwanza yenye jina la bendi ikatoka 1992. Ina María, bolero ya mzimu wa mwanamke anayetembea usiku, ina Rarotonga iliyotokana na kitabu cha katuni, ina Las Persianas. Nzuri, changamfu, lakini ukiisikiliza leo unasikia vijana wanaotafuta.

Halafu 1994.

Nataka uelewe mwaka wenyewe kwanza. Januari mosi mkataba wa biashara huria na Marekani na Canada unaanza kazi, serikali inawaambia wananchi sasa tumeingia dunia ya kwanza, na usiku huo huo kule Chiapas wenyeji wa asili waliojifunika nyuso, Zapatista, wanateka miji na bunduki wakisema sisi mmetusahau. Machi mgombea urais wa chama tawala, Colosio, anapigwa risasi Tijuana mchana kweupe kwenye mkutano. Desemba peso inaporomoka, watu wanapoteza nyumba. Katikati ya mwaka huo ndio jamaa wanatoa Re, nyimbo 20, na karibu kila wimbo una mtindo wake.

Yaani sijui niielezeje. Kuna El Ciclón, fanki yenye besi inayozunguka inayosema kila kitu kinazunguka kinarudi. Kuna El Borrego, yaani kondoo, makelele ya mashine na gitaa zito, jamaa anapayuka. Kuna Esa Noche, bolero taratibu la mtu aliyeachwa, ukizima taa unaweza kudhani limerekodiwa miaka ya 50. Las Flores inaanza kama ska inaishia kama muziki wa sherehe ya kijijini. El Aparato ni kitu cha ajabu kabisa, kigitaa kidogo cha jarana kinachekecha na sauti zinaimba kama tambiko. Kuna El Fin de la Infancia, wimbo wa matarumbeta ya banda, muziki ambao watoto wa Satélite walikuwa wanauona wa washamba, na mwimbaji anauliza tutaweza lini kucheza kwa akili zetu wenyewe bila kusubiri kuambiwa na wengine kipi ni cha kisasa, unaona hapo ule mkataba wa Januari unavyopigwa kofi huku watu wanacheza.

Nyimbo mbili zaidi nizisemee. El Metro ni hadithi ya jamaa aliyeingia kwenye treni ya chini ya ardhi akashindwa kutoka, siku zinapita, anaishi mle mle, anamkumbuka mpenzi wake aliyeko huko juu. Kichekesho, lakini mtu yeyote aliyewahi kupanda daladala ya saa kumi na mbili jioni anaelewa sio kichekesho sana. Na Trópico de Cáncer, ambayo kwangu mimi ndio kilele, watu wanamuuliza Salvador, fundi wa kampuni ya mafuta, imekuwaje unaacha kazi wakati bado kuna kijani kibichi cha kumaliza, na yeye anajibu kwa upole kwamba hataki tena kuhusika na huo mzunguko wa kujenga na kubomoa. Imeandikwa kwa sauti ya wale wanaomlaumu, hiyo ndio ujanja wake, wimbo haukuhubirii chochote, unakuacha usikie jinsi maneno yao wenyewe yalivyo ya ajabu.

Narudi kwenye mashine ya dramu. Nimefikiria sana hili na naona hivi, bendi ikiwa na mpiga dramu wa roki basi kila kitu atakachogusa kitakuwa roki, ndivyo mikono yake ilivyozoea, akipiga bolero itakuwa bolero ya roki, akipiga norteño, muziki wa kaskazini mwa Mexico, itakuwa roki yenye akodiani juu yake kama mapambo. Mashine haina mazoea. Unaiambia piga mbili mbili kama polka inapiga, unaiambia nyamaza inanyamaza, na pale isipokuwepo kabisa wale wanne inabidi wajaze pengo kwa mikono, gitaa linakuwa ngoma, besi ya kusimama inagongwa, sauti zinafanya kazi ya matoazi. Ukisikiliza ile shoo yao ya MTV Unplugged, yaani ya ala zisizo za umeme, waliyorekodi 1995 (ikakaa kabatini mpaka 2005 ndio ikatoka kama albamu, usiniulize kampuni za rekodi zinafikiri nini) unasikia hilo wazi wazi. Kwa masikio ya mtu aliyekulia kwenye taarab, ambako fidla na akodiani na besi ya kusimama ni vitu vya kawaida ukumbini, hata hupati shida kuingia.

Mwaka 2012 jarida la Rolling Stone liliiweka Re namba moja kwenye orodha ya albamu bora za roki ya Kilatini, na wachambuzi wengi huifananisha na ile albamu nyeupe ya The Beatles. Mimi orodha hizi huwa sizijali sana, ila hii sina ugomvi nayo.

1996 wakatoa Avalancha de Éxitos, nyimbo nane tu zote za watu wengine. Chilanga Banda ya Jaime López ndio iliyojulikana zaidi, imeandikwa kwa lugha ya vijiweni ya jiji la Mexico na karibu kila neno lina ch ndani yake, ch ch ch ch kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata Wahispania wenyewe hawaelewi wimbo unasema nini, sembuse mimi. Lakini wimbo wa kusikiliza humo ni Ojalá Que Llueva Café. Ya asili ni ya Juan Luis Guerra wa Jamhuri ya Dominika, wimbo wa wakulima wanaoomba mvua ya kahawa inyeshe mashambani, una ulaini fulani wa visiwani. Hawa jamaa wakauchukua wakaufanya huapango, muziki wa eneo la Huasteca, fidla ya Alejandro Flores inakimbia mbio na Rubén anarusha sauti juu kule kwenye ule uzi mwembamba halafu anairudisha, inakatika, inaunganika, na ghafla ile ombi la mvua halina tena ulaini, unasikia njaa. Sijui kama kuna mtu anaweza kusikiliza ile akabaki vile vile.

Baada ya hapo mtu mwenye akili ya biashara angetoa Re ya pili. Wao 1999 wakatoa Revés/Yo Soy, albamu mbili kwa mpigo, moja ni ya ala tupu bila kuimba, na Kronos Quartet wale wa fidla za kisasa kutoka San Francisco wanapiga humo. Warner hawakufurahi. Haikuuza. Kwenye Latin Grammy za kwanza kabisa mwaka 2000 ikachukua tuzo ya albamu bora ya roki, lakini tuzo hailipi kodi, na bendi na Warner wakaachana. Mimi ile ya ala nimejaribu, naiheshimu, lakini kusema naipenda nitakuwa nawadanganya, ila ile ya pili Yo Soy ina La Muerte Chiquita na La Locomotora na hizo zinanitosha. Wao na Kronos hawakuishia hapo, ukitafuta albamu ya Kronos ya 2002 inayoitwa Nuevo utakuta kazi yao ndefu humo ndani, 12/12.

Cuatro Caminos ya 2003 ndio ikawapeleka kwa kila mtu. Jina ni la kituo cha mwisho cha laini namba 2 ya metro, upande wa kwao Naucalpan, laini hiyo hiyo inapita na kituo cha Tacuba, kwa hiyo unaweza kusema bendi nzima iko kwenye reli moja. Kwa mara ya kwanza wakaweka dramu za mtu halisi. Ina Eres, aliyoiandika na kuiimba Meme, ambayo sasa hivi Mexico nadhani hakuna harusi inayoisha bila hiyo, na ikawapa Grammy ya Marekani ya albamu ya roki na mbadala ya Kilatini. Wengine watanipiga mawe lakini mimi naona pale walipopata mpiga dramu wakapoteza kitu fulani, wakawa bendi nzuri sana ya roki, na kabla walikuwa kitu ambacho hakina jina. Sino ya 2007 ni kubwa zaidi, gitaa nyingi, Volver a Comenzar inakwenda zaidi ya dakika saba na sitaki iishe, kwa hiyo ona ninavyojipinga mwenyewe ndani ya aya moja. Halafu 2012 wakatoa albamu waliyorekodi mbele ya watazamaji wachache Mexico, Chile, Argentina na Los Angeles, na 2017 Jei Beibi, wakiwa wanajitegemea bila lebo kubwa. Hizo nazipita haraka, sio mbaya.

Kuhusu Rubén kidogo. Huyu mtu hubadilisha jina karibu kila albamu. Amekuwa Pinche Juan, amekuwa Cosme, amekuwa Anónimo, Élfego Buendía, Rita Cantalagua, mengine ya Kinahuatl siwezi hata kuyaandika sawasawa. Wengine wanaona maigizo. Mimi naona ni njia yake ya kukataa kuwa sanamu, na jukwaani anafanya kitu hicho hicho, leo kavaa sketi, kesho kichwa cha jogoo, sauti yenyewe ya puani, kali, sio nzuri kwa vipimo vya kawaida, ukiisikia mara ya kwanza unaweza kukereka. Halafu inafika Déjate Caer, wimbo waliouchukua kwa Los Tres wa Chile, wote wanne wanaacha ala zao, wanajipanga mbele mstari mmoja wanacheza hatua walizopanga, wanaume wazima na mvi zao, wazito kidogo, Joselo anaonekana anahesabu hatua kichwani, na uwanja mzima unacheza nao. Tafuta video yoyote ya hiyo. Usianze na studio, anza na jukwaani.

Sasa ile habari niliyoitaja kwenye kichwa. Kwenye Re kuna wimbo unaitwa La Ingrata, norteño ya kuruka ruka, akodiani na polka, ndio wimbo uliowafanya wajulikane mpaka kwa watoto. Ni jamaa kaachwa na mwanamke anamlalamikia, ewe usiye na shukrani, na mwishoni anasema atampiga risasi kadhaa ili aumie, halafu ingawa atahuzunika kumkosa ataenda kumzika. Waliutunga kama kejeli, wanaigiza yale manyimbo ya zamani ya kiume ya bastola na tequila, wanayacheka. Na kwa miaka 20 na ushee watu waliimba mstari huo kwa furaha, wanaume wanawake, bia juu.

Lakini ni nchi gani inaimba hivyo. Tangu 1993 kule Ciudad Juárez wasichana wa viwandani walikuwa wanaokotwa jangwani wamekufa, na kadiri miaka inavyokwenda mauaji ya wanawake yamekuwa donda ndugu la Mexico nzima, akina mama wanaandamana na picha za mabinti zao. Mwaka 2017, kwenye mahojiano huko Argentina ambako Ni Una Menos, vuguvugu la kupinga ukatili dhidi ya wanawake, lilikuwa limepamba moto, Rubén akasema kwamba walipoandika walikuwa vijana na hawakuwa na uelewa huo, na kwamba hawataki tena kuupiga. Eh! Mtandao ukawaka. Wapo waliosema jamaa wamelegea, kejeli ni kejeli, nyimbo za mapenzi zimejaa vifo tangu dunia ianze na mtazifuta ngapi. Hoja hiyo siidharau. Nimejiuliza sana pia kama msanii ana haki ya kumnyang'anya mtu wimbo aliokua nao.

Ila kejeli inahitaji watu wawili, anayesema na anayeng'amua. Uwanja mzima ukiwa unarukaruka kwenye mstari wa risasi, nani pale anacheka ule uanaume na nani anaufurahia tu, huwezi kujua, na wao waliokuwa wamesimama jukwaani wanatazama nyuso ndio walikuwa mahali pazuri pa kuona. Mtu aliyeandika kitu ana haki ya kuona kimegeuka mkononi mwake. Na kilichonifurahisha zaidi ni kwamba wimbo wenyewe hawakuuzika kabisa kaburini. Kwenye Unplugged yao ya pili, 2019, wakamleta Andrea Echeverri, mwimbaji wa bendi ya Aterciopelados ya Colombia, wakaubadilisha maneno, sasa mwanamke ana sauti yake ndani ya wimbo, na ule upande wa risasi umegeuzwa. Muziki ule ule unaruka. Kama toleo jipya ni zuri kuliko la zamani? Hapana, kimuziki la 1994 lina moto zaidi. Lakini la pili ndio naliweka nikiwa na wageni nyumbani.

Siasa zao hazikuanzia hapo. Mwezi wa tano 2012 walikuwa kwenye tamasha la kutetea Wirikuta, ardhi takatifu ya watu wa Wixárika kule San Luis Potosí ambako kampuni za madini zilikuwa zimepewa leseni za kuchimba, na Rubén mpaka leo hukosi kumkuta kwenye mambo ya mazingira na haki za wenyeji. Salvador wa kwenye wimbo aliacha kampuni ya mafuta, huyu aliyemwimba angalau hajamsaliti.

Na wale wanne ni wale wale. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyekufa kwa dawa, 2010 walitangaza wanapumzika bila kusema mpaka lini, wakatengenezewa na filamu, Seguir Siendo, halafu wakarudi. Kwa bendi ya roki hiyo ni kama muujiza. Ukisikiliza wanaokuja nyuma, Natalia Lafourcade anapoingia kwenye muziki wa kienyeji wa Veracruz na vijana wa mjini wanamfuata wala hakuna anayeshangaa, mimi nasikia mlango uliosukumwa na Re. Sijasema wamemfundisha, nasema walifanya isiwe aibu tena.

Kwa anayetaka kuanza, usianze na Eres hata kama ndio utakayoletewa kwanza na YouTube. Weka Ojalá Que Llueva Café, halafu Trópico de Cáncer, halafu Esa Noche, ukishapita hapo sikiliza Re yote kwa mpangilio wake bila kuruka, hata El Borrego usiiruke. Video ya Déjate Caer iache mwisho. Na kama kuna mtu anajua Kihispania cha vijiweni vya Mexico anielezee Chilanga Banda mstari kwa mstari, nitamshukuru sana, nimekwama kwenye mstari wa pili.